Nilimlaumu mwalimu wa darasa la kwanza mbele ya kikao, kisha nikaenda kukaa nyuma ya darasa lake

Wakuu, salaam kwenu nyote mlioamka salama.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Huwa napita, nasoma, nacheka, naondoka. Lakini juzi nilikuta uzi watu wanawasema walimu wa shule za msingi, kila mtu na lake, mara hawafundishi, mara wako kwenye simu tu. Sikuchangia. Nikaona badala ya kubishana nisimulie yaliyonikuta mimi mwenyewe.

Ni mambo yaliyotokea, sijaongeza chumvi. Majina nimebadilisha na shule siitaji. Wanaoijua barabara ya kutoka Tanga mjini kwenda Pangani, ukishaipita Tongoni, wanaweza kupata picha ya mazingira.

Hakuna mapenzi humu wala majini. Wale wa mambo hayo mtanisamehe.

Twende.

Mimi ni mwalimu. Mwanaume, miaka thelathini na kitu, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri wa kuzaliwa. Kabla ya kuja pwani nilikuwa shule moja huko milimani upande wa Amani, nafundisha hisabati darasa la sita na la saba.

Ukifundisha madarasa ya juu unajiona mwalimu kwelikweli. Watoto wanafika kwako wakiwa tayari wanajua kusoma. Asiyejua unasema "huyu mzito", unaendelea na wengine.

Naandika hivyo nikiwa naona aibu, lakini niliahidi ukweli.

Nilipohamia huku mwalimu mkuu akanipa darasa la tatu. Kiswahili nifundishe mimi. Nikasema moyoni, darasa la tatu nalo ni kazi?

Wiki ya kwanza nikawasomesha kitabu. Nikamwinua binti mmoja, nitamwita Saumu. Mwembamba, mkimya, anakaa dirishani. Akashika kitabu akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Sauti nzuri, anapumzika kwenye nukta. Nikawaambia wenzake wampigie makofi.

Sasa wakati wanapiga makofi upepo ukafunua kitabu chake, ukurasa ukawa mwingine. Nikamwambia, "Haya, endelea na hapo hapo."

Akaanza tena. Maneno yale yale ya ukurasa ule wa mwanzo! Macho yako kitabuni, kidole kinatembea kwenye mstari, lakini anachokisema hakipo pale.

Nikamwambia akae.

Kesho yake nikawapa imla. Maneno mepesi kabisa: mama na baba. Nikakusanya madaftari. Wengine hawakuandika kitu. Wengine wameandika michoro tu. Saumu aliandika hivi:

mm n bb

Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata, nikaweka sifuri. Zaidi ya nusu ya darasa walipata sifuri siku hiyo.

Ijumaa ilikuwa na kikao cha walimu. Mwalimu mkuu akauliza kama kuna mwenye jambo. Nikasimama.

Nikasema kwa sauti ya mtu anayejiamini kwamba darasa la tatu limejaa watoto wasiojua kusoma, na kwamba kosa haliko darasa la tatu. "Nyumba imejengwa bila msingi," nikasema. "Tuulizane huko darasa la kwanza kinafanyika nini."

Darasa la kwanza alikuwa nalo Mwalimu Zaina. Mama mtu mzima, mwenyeji wa hapo hapo, miaka zaidi ya ishirini kwenye darasa hilo hilo moja, amebakiza mitatu astaafu. Nusu ya wazazi wa kijiji aliwafundisha yeye.

Hakukasirika, angalau kwa kumtazama. Alikuwa anapangusa chaki vidoleni na kona ya mtandio wake. Akaacha, akaniangalia.

"Mwalimu Elia, weye umepata kuingia darasani mwangu?"

Nikasema hapana.

"Haya," akasema. Basi. Akarudi kupangusa vidole.

Kikao kikaendelea na habari za choo cha wavulana. Mimi nilikaa pale nimeshinda hoja lakini sijisikii mshindi. Mwalimu Agatha wa darasa la pili, binti wa Kikatoliki aliyekulia kambi ya mkonge huko Muheza, huwa anacheka na kila mtu. Siku ile alinipita mlangoni kama hanijui.

Wiki iliyofuata nikaita wazazi wa wale waliopata sifuri. Walikuja wachache. Mama yake Saumu alikuja akiwa na haraka, miguu ina chumvi ya bahari. Analima mwani na wenzake.

Nikamweleza kwamba mwanawe hajui kusoma. Nilitumia maneno makubwa makubwa, kama daktari anayesoma majibu.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mwalimu, chuoni anasoma. Maalim kamsifu mbele ya watu. Hapa kwenu hasomi. Nami nakuuliza, kichwa si kile kile?"

Kwa ambao hawajakaa pwani, chuo hapa ni madrasa. Watoto wengi asubuhi wako shule, alasiri wako chuo.

Nikajiumauma. Yeye akaendelea, tena bila hasira:

"Huu mwaka wa tatu. Ukiisha hasomi, mie namtoa, aje anisaidie kwenye mwani. Sitamtesa mtoto kwa kitu kisichomwingia."

Nikamwambia sheria hairuhusu kumtoa mtoto shule. Akanitazama hivi, akaaga, akaondoka. Wakuu, sote tunajua. Mtoto hatolewi kwa barua. Leo haji, kesho haji, halafu anasahaulika.

Lile swali la kichwa kile kile lilinikaa. Nilikuwa nikinywa chai naliona, nikisahihisha madaftari naliona.

Jumatatu nikamfuata Mwalimu Zaina kabla ya kengele.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Naomba kuja kukaa darasani kwako."

Nilidhani ataniambia nimechelewa. Akanyoosha mkono ndani. "Benchi la nyuma lina mguu mmoja mbovu. Kaa upande wa ukuta."

Nikakaa, magoti yamefika kidevuni. Watoto wakageuka kunishangaa, yeye akapiga makofi mara mbili wakageuka mbele. Ni chumba kimoja, watoto zaidi ya mia. Nilijaribu kuwahesabu nikachanganyikiwa, maana wengine wamekaa chini, wengine kwenye dirisha.

Na aliwajua wote kwa majina. Wote. Aliyelala alimjua, asiyekula alimjua, aliyevaa shati la kaka yake alimjua.

Alikuwa ameandika ubaoni ma me mi mo mu. Akaimbisha kwa wimbo wake mwenyewe, watoto wakaimba hadi mabati yakatikisika. Ukisikia kutoka nje unasema hapa pana elimu. Lakini mimi niliyekaa nyuma niliona kitu ambacho yeye mbele hawezi kukiona. Watoto wa nyuma hawakuwa wanaangalia ubao kabisa. Walikuwa wanaimba wakiangaliana.

Nisieleweke vibaya. Kwa watoto mia na ushee, mtu mmoja, chumba kimoja, ungefanya nini? Mimi nilikaa saa moja tu nikatoka kichwa kinauma.

Siku hiyo nikamwomba msamaha. Nikasema nilikosea kusimama kikaoni kabla sijaona. Akanisikiliza.

"Wajua," akasema, "miaka yote hii, aliyekaa kwenye benchi lile ni mkaguzi. Akija mkaguzi najipanga. Mwalimu mwenzangu hajapata kuja hata mmoja. Nami sijapata kwenda kwa mtu."

Tukakubaliana tuzungukiane. Agatha tukamwita. Alikuwa bado ana kinyongo na mimi, lakini kwa heshima ya Mwalimu Zaina akaja.

Wiki mbili tukawa tunaingia madarasa ya wenzetu. Mmoja akiwa na kipindi cha wazi anakaa nyuma anatazama. Masharti yalikuwa mawili: huchangii, na ukitoka unaanza kwa kusema ulichojifunza.

Siku moja watoto wameshatoka, tumekaa darasani kwa Agatha tunakula mihogo ya kukaanga. Mwalimu Zaina akachukua chaki akaandika herufi moja juu ya dawati. m.

"Mkiwaonyesha watoto hii, mwawaambia yaitwaje? Semeni pamoja nami. Moja, mbili, tatu."

Yeye akasema, "Ma."

Agatha akasema, "Em."

Mimi nikasema, "Mmm." Ndivyo tulivyofundishwa chuo cha ualimu, tutumie sauti ya herufi.

Agatha ndiye aliyeanza kucheka, halafu akaacha ghafla akashika mdomo.

Mwalimu Zaina akasema taratibu, "Na mtoto ni yule yule. Kapita mikononi mwetu sote watatu."

Ndipo akili ikanirudia kwenye lile daftari. Nikakimbia ofisini nikalichukua, nikaliweka mbele yao. mm n bb.

Mwalimu Zaina akaweka kidole. "Ma, ma. Na. Ba, ba. Mbona kaandika sawasawa."

Wakuu, kwa jinsi alivyofundishwa darasa la kwanza, m ni ma. Kwa hiyo mama ni m mbili. Mtoto alifuata alichoambiwa kwa uaminifu kabisa. Darasa la pili akaambiwa ile ile ni em. Akijaribu kusoma mama anapata emaema, kitu ambacho hakipo duniani. Akaona heri akariri kitabu kizima, maana hiyo ndiyo njia pekee iliyompa makofi. Na makofi ya mwisho nilimpigisha mimi.

Pale kwenye sifuri yangu nyekundu nilitamani kuwe na namna ya kufuta wino.

(Kuna mdau ameuliza hapo chini, ina maana walimu hamna mwongozo? Upo, mkuu. Na vitabu vipo. Lakini Mwalimu Zaina alisoma chuo cha ualimu wakati mmoja, Agatha wakati mwingine, mimi mwingine. Kila mmoja alikuja na njia aliyofundishwa, akafunga mlango. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Naendelea.)

Tukakubaliana kwamba kuanzia sasa, madarasa yote matatu, herufi itatajwa kwa sauti yake. Ni kitu kidogo kukisema. Lakini kwa Mwalimu Zaina hakikuwa kidogo.

"Nimebakiza miaka mitatu," akasema. "Mwataka nianze herufi upya?"

Agatha akaanza kufuta ile m kwenye dawati. Nani angejibu?

Asubuhi yake nilikuwa napita uani na rundo la madaftari. Dirisha la darasa la kwanza liko wazi. Nikamsikia: "Mmm. Mmm. Midomo ifunge. Mmm." Na watoto zaidi ya mia wakafanya mmm, kama mzinga wa nyuki. Nilisimama pale ukutani mpaka madaftari yakaanza kunianguka.

Bado swali la mama Saumu lilikuwa halijajibiwa. Kwa nini chuoni anasoma?

Nilimwambia Mwalimu Zaina natamani kwenda kuona, ila naogopa. Mimi Mkristo, mgeni, nitaenda kuchungulia chuo cha watu? Akasema, "Twende wote. Yule Hamza ni mwanafunzi wangu, nilimfundisha hapa hapa."

Maalim Hamza ni kijana tu, hanipiti sana umri. Asubuhi anatengeneza pikipiki, alasiri anafundisha. Tulimkuta anasugua grisi mikononi kwa sabuni ya unga.

"Maalim, huyu ni mwalimu mwenzio," Mwalimu Zaina akamwambia. "Ana mwanafunzi wako."

Akanikaribisha vizuri, akaniwekea kiti mlangoni. Nikavua viatu, nikakaa.

Niliyoyaona ni haya. Watoto hawakuwa wachache, kama arobaini. Kila mmoja anasoma lake kwa sauti, kelele mtindo mmoja. Lakini mmoja mmoja anaitwa mbele, anakaa karibu na maalim, anamsomea yeye peke yake. Hasogei somo linalofuata mpaka amesoma yeye, kwa mdomo wake.

Na wadogo wanaanza hivi: be fataha ba, be kisira bi, be dhuma bu. Yaani mtoto anaitaja herufi (be ni b, mim ni m), anaitaja alama inayoipa sauti, ndipo anaunganisha. Saumu alikuwa pale, juzuu mapajani, anasoma taratibu na kidole. Aliponiona alishtuka kama nimemfumania. Nikamtikisia kichwa tu.

Nikamuuliza maalim baadaye, hawa hawakariri?

Akacheka. "Wanakariri sana, mwalimu! Ila mtu akikariri namwanzisha katikati. Akiweza kuanza katikati, huyo anasoma. Asipoweza, tunarudi nyuma wala simkemei."

Miaka yangu yote ya ualimu hakuna aliyenipa kipimo chepesi hivyo.

Nitasema ukweli, haikupokelewa vizuri na kila mtu. Kijijini kuna waliouliza yule mwalimu wa bara anatafuta nini chuoni. Ofisini kuna mwenzetu alisema tunachanganya dini na shule. Mwalimu mkuu akatuita. Tukamweleza kwamba hatuchukui somo la dini, tumejifunza mambo mawili tu: kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, na kumwanzisha katikati. Alitafakari, akasema, "Jaribuni. Ila kila Ijumaa nione mmefikia wapi."

Basi tukapanga. Kila asubuhi kipindi cha kwanza, darasa la pili na la tatu tunawachanganya tunawagawa kulingana na kiwango cha kusoma, siyo darasa. Wanaoanza kabisa nikawachukua mimi. Wanaounganisha silabi akawachukua Agatha. Wanaosoma maneno wakapewa vitabu na mwalimu wa taaluma anawasimamia. Mwalimu Zaina, ambaye watoto wake wakati huo wako kwenye michezo na mwalimu wa awali, anazunguka anasikiliza mmoja mmoja.

Mpango mzuri, si ndiyo? Nikauharibu siku ya kwanza.

Nilisimama mstarini, shule nzima inasikia, nikaanza kusoma majina. "Wasiojua kusoma waje huku." Na nikataja, Saumu wa darasa la tatu, nenda kule na wadogo.

Akaenda. Watoto wakacheka. Mimi nilisikia kicheko nikakichukulia kama kelele za kawaida.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Siku ya nne Agatha akaniuliza, "Elia, ulimtaja kwa jina?"

"Nilimtaja."

Akarudi kwenye kundi lake.

Mwalimu Zaina alisema wiki ile ni ya bamvua, maji yanatoka mbali, wenye mwani wote wako chini pwani. Tukaenda Jumamosi asubuhi. Mimi nimekunja suruali, yeye ameshika gauni lake na viatu mkononi, tunakanyaga mchanga wa maji mpaka kule walipo.

Kina mama wamekaa wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba, maneno mengi, vicheko. Walipotuona wakapunguza sauti. Saumu alikuwa pembeni ya mama yake, vidole vinafunga haraka kuliko vya wakubwa. Hakuinua macho.

Mwalimu Zaina akasalimiana nao kwa lugha ya kwao ya pale, harakaharaka, mimi nikaambulia nusu. Kisha akanigeukia. "Sema ulichojia."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mama. Lakini nikajikuta nimechuchumaa mbele ya mtoto.

"Saumu, nilikutaja mbele ya watu. Nilikosea. Nimekuja kukuomba radhi."

Nadhani kina mama wale hawakuwahi kusikia mwalimu anamwambia mtoto hivyo. Mimi mwenyewe sikuwahi.

Nikachukua kijiti nikaandika kwenye mchanga: mm.

"Uliandika hivi kwenye imla. Ni nini?"

Kwa sauti ndogo akasema, "Mama."

"Kwa ulivyofundishwa ulikuwa sahihi. Sisi walimu ndio hatukuwa tumekubaliana. Kosa lile silo lako."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Nikaandika m peke yake, nikamwambia hii inasema mmm tu, mdomo umefungwa, haiwezi kufunguka mpaka ipate wa kuifungua. Nikaweka a pembeni yake.

Akaangalia. Midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Kisha akanong'ona, siyo kwangu, kama anaongea na nafsi yake:

"Mim fataha ma."

"Eeh!" Mwalimu Zaina akasema.

Saumu akanyang'anya kile kijiti. Sikumfundisha mimi, wakuu, naapa. Akaandika m, akaweka i. "Mi." Akaweka u. "Mu." Akafuta kwa kiganja, akaandika b akaweka a, mara mbili. Akageuka kwa mama yake.

"Ni mambo ya chuoni," akasema. "Ni yale yale!"

Mama yake alikuwa ameacha kufunga kamba. Hakusema kitu cha ajabu. Alisema tu, "Jumatatu nitamwamsha mapema." Kisha akarudi kwenye kamba zake.

Tukarudi kabla maji hayajajaa.

Kuanzia wiki ile tukaacha kutaja majina. Kila mtoto akapewa kikadi cha rangi, anajua kundi lake, kadi zinabadilishwa kimya kimya akipanda. Watoto waliokwishapita chuoni tukawa tunawauliza, hii ingekuwa chuoni mngeisemaje? Na wale wasiosoma chuo, wa Kikristo na wengine, wakaipata kupitia wenzao. Agatha alisema hata yeye sasa ndiyo ameelewa irabu inafanya kazi gani.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka. Zilikuwepo wiki ambazo mmoja wetu anaumwa, kundi linakaa bila mwalimu. Tuligombana na Agatha mara moja vibaya sana kuhusu nani ampandishe nani. Mwalimu Zaina kuna siku wimbo wake wa ma me mi mo mu ulimtoka bila kukusudia, watoto wakamsahihisha, akacheka mpaka akakaa.

Mwezi wa kumi nilimpa Saumu kitabu ambacho hakijawahi kufika shuleni kwetu, nilikinunua mwenyewe mjini. Nikamfungulia katikati.

Alisoma vibaya sana. Anakwama, anarudi, anaunganisha, anapumua mahali pasipo na nukta. Sentensi moja ilimchukua dakika nzima, jasho linamtoka puani. Ilikuwa inahusu kuku aliyepotea. Alipofika mwisho alicheka, kabla sijamuuliza kitu, kwa sababu alikuwa ameelewa kuku alikuwa wapi.

Nikageukia ubao nikajifanya nafuta.

Mwisho wa mwaka siyo wote waliojua kusoma. Walibaki wachache na mmoja hadi leo tunahangaika naye, tunafikiri ni macho, tumemwandikia mama yake ampeleke hospitali. Lakini ile nusu na zaidi ya darasa haikuwepo tena. Saumu yuko darasa la nne.

Mimi mwaka huu niliomba darasa la kwanza. Mwalimu mkuu alidhani natania. Tunagawana na Mwalimu Zaina, yeye upande mmoja wa chumba mimi upande mwingine, ananifundisha kabla hajastaafu. Wenzangu wa milimani wananicheka, mwanaume mzima anafanya mmm na watoto wa miaka sita. Wacheke tu.

Shule zilipofunguliwa mama yake Saumu alikuja kumwandikisha mdogo wake. Tukamaliza kumwandika, mtoto akaingia. Nikadhani mama ataondoka.

Akabaki mlangoni.

"Naweza kukaa kidogo nione?"

Nikamwangalia Mwalimu Zaina. Yeye akamwonyesha lile benchi. "Upande wa ukuta," akamwambia.

Akakaa, akajifunga vizuri kanga yake, akatulia. Nikachukua chaki. Wakuu, nimewahi kukaguliwa na wakaguzi wa kila aina, lakini sijawahi kuandika herufi kwa uangalifu kama siku ile.

Nilichojifunza ni hiki. Walimu tunafanya kazi majengo yanayopakana huku hatujui mwenzetu anasema nini kwa mtoto yule yule. Sisi hatukuhitaji mradi wala mgeni kutoka mbali kuligundua hilo. Tulihitaji kukaa nyuma ya darasa la mwenzetu na kufunga mdomo. Na mimi nilihitaji kujua kwamba kosa la mtoto, mara nyingi, lina maana ukilisoma kabla ya kulikata.

Walimu mliomo humu, hasa wa awali na darasa la kwanza hadi la tatu, mara ya mwisho kuingia darasa la mwenzako ni lini? Na wazazi, mmewahi kuomba kukaa mkatazama mtoto anavyofundishwa? Mlipokelewaje?

Wenye kunikosoa pia karibuni, sina kinyongo. Kesho nina kipindi cha kwanza, nitajibu nikitoka.